Wanafunzi wa Uuguzi na Ujasiri wa Kumhurumia Mgonjwa

Katika nyumba nyingi za wanachama wetu mna binti, na siku hizi mna kijana mwanamume pia, anayesomea kazi ya uuguzi. Wazazi huuza ng'ombe, jamaa huchanga ada, sanduku la bati hununuliwa, na mtoto hupelekwa chuoni akiwa na moyo safi wa kuwasaidia wagonjwa. Baada ya miaka miwili au mitatu twasikia lawama mbili. Ya kwanza yatoka kwa jamaa za wagonjwa, ya kwamba wauguzi vijana ni wakali na hawana huruma. Ya pili yatoka kwa wanafunzi wenyewe, nayo haisemwi kwa sauti kubwa: kwamba wafikapo penye kitanda cha mtu anayekufa, au cha mama anayelia kwa uchungu, hawajui waseme nini, nao huona heri washike karatasi au kitambaa cha kupangusia meza kuliko kusimama hapo. Tumeona vema kuandika kurasa hizi chache za historia juu ya jambo hilo, maana twaamini kwamba lawama hizo mbili zina shina moja, na shina hilo ni la zamani.

Neno lenyewe kuuguza ni kongwe kuliko hospitali. Aliyeuguza alikuwa mama, dada, mke, au bibi wa nyumba ya pili. Aliyeuguzwa alijulikana jina lake, na jina la baba yake, na chakula alichokipenda, na maneno yaliyomkasirisha. Hata methali ya kwamba mgonjwa haulizwi uji ilikuwa na maana katika nyumba ya namna hiyo, kwa kuwa aliyepika uji alimjua vizuri yule wa kuunywa. Shida ilianza pale kijana wa miaka kumi na minane alipotakiwa kumfanyia mgeni, mwenye umri wa babu yake na lugha nyingine, mambo ambayo zamani yalifanywa na ndugu wa damu: kumwosha, kumgeuza, kumpelekea chombo cha haja, na kukaa naye usiku anapoogopa. Kwa mila za watu wetu wengi binti hakuthubutu hata kumtazama mzee wa rika la baba yake akiwa hana nguo. Hapo ndipo ilipokuwa lazima huruma ifundishwe, na watu wakaanza kubishana kama yafundishika.

Huko Ulaya jambo hili lilianza kupangwa vizuri mwaka 1836, katika mji mdogo wa Kaiserswerth kando ya mto Rhine, Ujerumani. Mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walifungua nyumba ya kuwafundisha wanawake kutunza wagonjwa. Mwanafunzi wao wa kwanza alikuwa Gertrud Reichardt, binti wa daktari. Mwaka 1851 akafika hapo mwanamke Mwingereza, Florence Nightingale, akakaa miezi mitatu hivi. Habari zake zilizofuata zajulikana na kila mtoto wa shule: Novemba 1854 alifika Scutari, nchi ya Waturuki, pamoja na wanawake 38, kuwatunza askari wa vita vya Crimea. Inafaa tukumbuke pia kwamba katika vita hivyo hivyo Mary Seacole wa Jamaica, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika, alikataliwa na wakubwa wa London alipoomba kwenda. Alikwenda kwa fedha zake, akafungua nyumba ya kuwahudumia askari karibu na Balaklava mwaka 1855. Seacole hakusoma chuo chochote cha uuguzi. Alifunzwa na mama yake mjini Kingston. Hatukumtaja kwa ajili ya kupamba ukurasa. Twamtaja kwa sababu alijifunza huruma na ufundi kwa pamoja, akimtazama mtu mzima aliyeijua kazi, naye akiwa karibu naye kila siku. Jambo hilo tutalirudia.

Watu wa Uingereza walimchangia Bibi Nightingale zaidi ya pauni 44,000, na kwa fedha hizo shule ya wauguzi ikafunguliwa katika Hospitali ya St Thomas's, London, mwaka 1860. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15. Walisomea mwaka mmoja, wakila na kulala hospitalini, chini ya mkuu wa wauguzi, Bibi Wardroper. Kanuni walizopewa zilieleza mwanafunzi awe mtu wa namna gani: asiwe mlevi, awe mwaminifu, msema kweli, mtu wa kushika saa, mtulivu, safi, mvumilivu, mchangamfu na mwema. Kisha ziliorodheshwa kazi za mikono: kufunga bendeji, kuweka ruba, kutandika kitanda, kupika chakula cha mgonjwa, kubadilisha hewa ya chumba, na kuangalia hali ya mgonjwa na kuieleza kwa usahihi.

Kila mwezi ilijazwa karatasi ya tabia na maendeleo ya kila mwanafunzi. Tukiitazama karatasi hiyo leo, twaona jambo la ajabu kidogo. Upande wa tabia ulikuwa na safu za kushika saa, utulivu, uaminifu, usafi wa mwili na mavazi, na utaratibu wa wodi. Wema na uvumilivu, vilivyokuwamo katika kanuni, havikupata safu yao. Labda waliona kwamba wema haupimiki. Labda walidhani kwamba mwanamke mwenye tabia njema hana budi kuwa nao. Vyovyote ilivyokuwa, kielelezo kilikwisha kuwekwa: mwanafunzi ahesabiwa kwa mashuka aliyonyosha na saa aliyofika kazini, na huruma aachiwe mwenyewe aitafute.

Tusimwonee Bibi Nightingale. Kitabu chake kidogo juu ya uuguzi, kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1859, kina mambo ya huruma kuliko vitabu vingi vilivyokifuata, na uzuri wake ni kwamba hakisemi huruma kama hisia ya moyoni. Kinaisema kama kazi. Chataka muuguzi akae mahali ambapo mgonjwa aweza kumwona bila kugeuza shingo. Asizungumze naye akiwa mlangoni au nyuma yake. Asinong'one na daktari karibu na kitanda, maana mgonjwa atadhani ananong'onwa yeye. Asimpe matumaini ya uongo. Atokapo aseme atarudi lini, kwa kuwa wasiwasi na kungojea humchosha mgonjwa kuliko kutembea. Haya yote yaweza kufundishwa kwa mwanafunzi siku ya kwanza, na yaweza kuonekana na mwalimu kuwa yametendeka au hayakutendeka. Mwanafunzi mwenye hofu, asiyejua la kusema, apewa mahali pa kuanzia: vuta kiti, kaa mbele yake, mwambie utarudi saa ngapi. Kwa maoni yetu ni hasara kubwa kwamba shule nyingi zilichukua karatasi ya tabia na kukiacha kitabu.

Hapa Kenya hospitali ya wenyeji ilifunguliwa Nairobi mwaka 1901, ikiwa na vitanda 40. Mwaka 1952 iliitwa King George VI, na mwaka 1964, baada ya Uhuru, ikapewa jina la Kenyatta. Siku za mwanzo, katika hospitali za serikali na zile za misheni kama Kikuyu, Tumutumu, Maseno na Kaimosi, waliofundishwa kuwatunza wagonjwa walikuwa hasa vijana wanaume, waliojulikana kwa jina la madresa. Wasichana wachache walikuwa shuleni, na wazazi wengi waliona si adabu binti kulala nje ya nyumba na kuwashika watu asiowajua. Dresa alifunzwa kuosha kidonda, kupima dawa, na kutii amri. Alikuwa pia mkalimani, na twaamini kwamba hapo ndipo alipofanya kazi yake kubwa ya huruma, ingawa haikuandikwa katika karatasi yoyote: yeye ndiye aliyesimama kati ya daktari mgeni na mzee aliyeogopa kisu, akayageuza maneno makali yakawa maneno ya kusikilika.

Baadaye wasichana wakaja, vyuo vikaongezeka, na uuguzi ukafuata desturi za Uingereza: kofia nyeupe, mistari ya vyeo, metroni, sista wa wodi, na mwanafunzi chini kabisa. Watu wetu waliipanda ngazi hiyo mpaka juu. Eunice Muringo Kiereini, aliyekuwa Afisa Mkuu wa Uuguzi wa Kenya, alikuwa Rais wa Baraza la Kimataifa la Wauguzi toka 1981 hata 1985, naye ni Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Lakini pamoja na mema ya ngazi hiyo tulirithi ugonjwa wake, na ugonjwa huo ulichunguzwa huko huko Uingereza wakati ule ule sisi tulipokuwa tukiupokea.

Mchunguzi alikuwa Isabel Menzies, wa Taasisi ya Tavistock, London. Hospitali moja kubwa ya mji huo, ambayo katika maandishi yake hakuitaja jina, ilimwita katika miaka ya 1950 kwa sababu mpango wa kuwagawa wanafunzi katika wodi ulikuwa karibu kuvunjika. Sehemu kubwa ya wauguzi wake walikuwa wanafunzi. Wao ndio waliobeba kazi. Na karibu theluthi moja ya wanafunzi hao hawakumaliza masomo. Wengi wao waliondoka kwa hiari yao wenyewe. Wakubwa walidhani shida ni hesabu ya watu. Menzies aliketi nao, akawasikiliza wanafunzi, na alichokisikia hasa kilikuwa hofu.

Maelezo yake, yaliyochapishwa mwaka 1960, yafaa kusomwa na kila mwenye mtoto katika chuo cha uuguzi. Kazi ya muuguzi, alisema, humkutanisha kijana na kifo, maumivu, uchafu wa mwili na huzuni ya jamaa, mambo ambayo watu wengine huyakimbia maisha yao yote. Hofu hiyo ni ya kweli na ni kubwa. Basi hospitali, bila mtu yeyote kukusudia, ilikuwa imejijengea desturi za kuwakinga wauguzi wake wasiihisi. Kazi iligawanywa vipande vipande, mwanafunzi akapewa orodha: wagonjwa thelathini uwatandikie, au uwapime joto, au uwape chakula. Kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyekuwa wa muuguzi fulani. Mgonjwa hakuitwa kwa jina. Aliitwa ini la kitanda namba fulani, au nimonia ya kitanda fulani. Mwanafunzi naye hakuwa na jina. Alikuwa jozi ya mikono, akahamishwa wodi kabla hajamzoea mtu. Akilia alikemewa ajikaze. Akiuliza jambo dogo, lilipelekwa kwa mkubwa, na mkubwa akalipeleka kwa mkubwa zaidi, ili asiwepo mtu wa kubeba lawama peke yake. Wagonjwa waliamshwa alfajiri mno ili nyuso zao zioshwe kabla madaktari hawajapita, na wauguzi wenyewe walijua kwamba usingizi ungewafaa zaidi.

Twaomba msomaji afikiri kidogo hapo. Je, hatujayaona hayo kwa macho yetu katika wodi zetu? Nani hajasikia mtu mzima, mwenye wajukuu, akiitwa kitanda cha saba? Menzies hakusema kwamba wauguzi wale walikuwa watu wabaya. Alisema kwamba kinga hiyo ilikuwa mbovu, kwa sababu iliondoa furaha ya kazi bila kuiondoa hofu. Mwanafunzi hakumwona mgonjwa wake akipona mikononi mwake, kwa hiyo hakupata faraja. Wala hakufundishwa kuistahimili huzuni, kwa hiyo hakukomaa. Tena aliona kwamba miongoni mwa walioondoka walikuwamo wengine waliokuwa bora. Yule mwenye huruma nyingi ndiye aliyeumizwa zaidi na mpango usiompa nafasi ya kuitumia. Aliyebaki alijifunza uso mkavu, na uso huo ndio jamaa za mgonjwa wanaouita ukali.

Inasikitisha kusema kwamba uchunguzi huo ulisifiwa sana na wataalamu lakini desturi za wodi zilibadilika polepole. Hata katika karne hii wameonyesha jambo lile lile kwa vipimo. Mwaka 2009 Mohammadreza Hojat na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walitoa habari za wanafunzi wa udaktari waliowafuata toka kuingia chuoni: hali yao ya kuwaelewa wagonjwa ilidumu miaka miwili ya kwanza, ikaanguka mwaka wa tatu, yaani ule mwaka wa kuingia wodini. Mwaka 2012 wachunguzi wa chuo hicho walikuta hali kama hiyo kwa wanafunzi wa uuguzi: waliokutana zaidi na wagonjwa katika mwaka wa masomo ndio walioshuka. Wazee wetu husema mazoea hujenga tabia. Yatupasa kuuliza mazoea gani.

Wako watu wanaodhani kwamba dawa ni kuwachagua wenye huruma mlangoni na kuwafukuza wengine. Fikira hiyo ilipata nguvu Uingereza baada ya aibu ya hospitali ya Stafford, ambako kati ya mwaka 2005 na 2009 wagonjwa wengi waliachwa katika hali mbaya. Ripoti ya wakili Robert Francis, iliyotolewa Februari 2013, ilipendekeza pamoja na mengine kwamba anayetaka kusomea uuguzi kwanza afanye kazi ya kutunza watu kwa mikono yake, walau miezi mitatu, aonekane anavyofaa. Hatuipingi. Lakini habari zote tulizozieleza zaonyesha kwamba walio wengi huingia na huruma yao. Kuchuja mlangoni hakumsaidii mtu anayeharibikia ndani ya nyumba, na ripoti yenyewe ililaumu mambo mengi zaidi ya tabia ya muuguzi mmoja mmoja: uchache wa watu, na wakubwa waliojali hesabu za fedha.

Ujasiri basi hutoka wapi? Mwaka 1977 Albert Bandura, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika juu ya imani ya mtu katika uwezo wake wa kutenda jambo, akataja chemchemi zake nne. Kubwa kuliko zote ni kulitenda jambo hilo na kufaulu. Ya pili ni kumwona mwenzako, mtu kama wewe, akilitenda. Ya tatu ni kutiwa moyo kwa maneno ya mtu unayemheshimu. Ya nne ni hali ya mwili wenyewe, maana mtu anayetetemeka na kutoka jasho hujiambia kwamba hawezi. Tukiyapima haya kwa wodi aliyoieleza Menzies, twaona chemchemi zote nne zilikuwa zimezibwa. Mwanafunzi hakufaulu kwa mgonjwa yeyote, kwa kuwa hakuwa na mgonjwa. Wakubwa aliowaona walipita wakikimbia. Maneno aliyopewa yalikuwa ya kukemea. Na mwili wake ulitetemeka, akaambiwa kutetemeka ni aibu.

Tumtaje mtu mmoja aliyetoka katika shule ile ile ya Nightingale, akaifungua njia nyingine. Cicely Saunders aliingia huko mwaka 1940, wakati wa vita, akamaliza mwaka 1944. Ugonjwa wa mgongo ulimzuia kuendelea na uuguzi, akawa mtumishi wa ustawi wa wagonjwa. Mwaka 1948 alimtunza David Tasma, Myahudi wa Poland, aliyekuwa mbali na kwao na akifa kwa saratani. Walizungumza sana juu ya mahali pangefaaje kwa mtu wa namna hiyo. Tasma alipokufa alimwachia pauni 500 ziwe dirisha katika nyumba ambayo Saunders angeijenga. Saunders akasomea udaktari, akahitimu mwaka 1957, na mwaka 1967 nyumba hiyo, St Christopher's, ikafunguliwa London.

Kilichobadilika humo kilikuwa zaidi ya jengo. Kabla ya hapo muuguzi kijana alifundishwa kungoja mpaka mgonjwa alie kwa maumivu ndipo aitiwe dawa, naye akakaa akitazama saa. Saunders alithibitisha kwamba morfini ikitolewa kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, mgonjwa hutulia na akili yake hubaki safi. Twadhani watu hawajaona sawasawa jinsi jambo hilo lilivyomfaa mwanafunzi. Ni vigumu kukaa karibu na mtu anayepiga kelele wakati huna la kumsaidia. Hata mtu mzima hukimbia. Mwanafunzi akijua kwamba maumivu yaweza kutulizwa, na dawa ipo, miguu yake haimpeleki mbali na kitanda. Huruma yake imepata kifaa. Kwa sababu hiyo hatupendi kusikia huruma na ufundi vikisemwa kama vitu viwili vinavyoshindana. Mwanafunzi asiyejua kupata mshipa kwa sindano hawezi kumtazama mgonjwa usoni, maana macho yake yote yako mkononi mwake. Nairobi ilipata nyumba ya namna hiyo mwaka 1990, Nairobi Hospice, katika uwanja wa Hospitali ya Kenyatta, nayo imekuwa ikiwafundisha watumishi wa afya kazi ya kutuliza maumivu na kuzungumza na wanaokufa.

Na sasa wodi za uzazi, ambako malalamiko ya jamaa zetu ni mengi kuliko kwingine. Toka mwaka 2011 hata 2014 ulifanyika hapa Kenya mpango ulioitwa Heshima, katika hospitali na vituo 13 vya Kisumu, Kiambu, Nyandarua, Uasin Gishu na Nairobi. Kwanza waliwauliza wanawake 641 waliotoka kujifungua. Asilimia 20 walisema walitendewa vibaya kwa namna fulani. Asilimia 18 walitaja maneno au matendo ya kuwavunjia utu, na asilimia 14 hivi walisema waliachwa peke yao. Hesabu hizo zilipotolewa wengine walikasirika, wakidhani wauguzi wetu wanatukanwa mbele ya ulimwengu.

Lakini kilichofuata ndicho tunachokipenda. Wauguzi na wakunga hawakukusanywa ili wakemewe tu. Waliketi pamoja wakachunguza mawazo yao wenyewe juu ya mama maskini, juu ya msichana asiyeolewa, juu ya mwanamke apigaye kelele. Walipewa pia mahali pa kutoa mizigo yao, pamoja na washauri wa kuwasikiliza, kwa kuwa mkunga aliyeshika watoto wanne waliokufa katika juma moja naye ni mtu. Siku maalumu zilitengwa ambapo wajawazito na jamaa zao waliingia kuitazama wodi kabla ya uchungu, wakawajua wakunga kwa sura, na wakunga wakawajua wao. Tukikumbuka maneno ya Menzies twaona kwamba, hatua kwa hatua, mambo yale aliyoyaona yakiondolewa London yalikuwa yakirudishwa hapa: jina, sura, na ruhusa ya kuwa na hofu.

Uchunguzi uliporudiwa mwisho wa mpango, waliosema wametendewa vibaya walikuwa asilimia 13. Ni upungufu mkubwa kwa muda mfupi, na bila ya majengo mapya. Hata hivyo asilimia 13 ni karibu mwanamke mmoja katika kila wanane, na wodi za namna hiyo ndizo wanafunzi wetu wanakopelekwa kujifunza kazi.